Home au Pro: toleo lipi la Windows kwa laptopu ya kazi?

Swali: Natafuta laptopu ya kazi za uhasibu. Mchana niko ofisini, ambako tuna kompyuta sita na hifadhi moja ya mtandao tunakoweka mafaili yote. Jioni huendelea na kazi nyumbani, na mara nyingine nahitaji kuingia kwenye kompyuta yangu ya ofisini nikiwa mbali. Nimepata laptopu mbili za bei moja: ya kwanza ina Windows 11 Home na RAM ya GB 16, ya pili ina Windows 11 Pro na RAM ya GB 8. Muuzaji ananishikilia nichukue Pro, eti ni nyepesi zaidi na virusi haviingii ovyo. Kuna ukweli? Na nikianza na Home, nitaweza kuhamia Pro baadaye bila kupoteza kazi zangu?

Jibu: Chukua yenye GB 16, ingawa ni Home. Toleo la Windows utalibadilisha baadaye ukiwa umekaa mezani, lakini RAM ya laptopu nyingi za siku hizi, hasa zile nyembamba, imechomelewa kwenye ubao mama. Ukishanunua GB 8, ndiyo imetoka. Fungua daftari kubwa la Excel, kivinjari chenye kurasa ishirini na programu ya uhasibu kwa pamoja: GB 8 zitajaa, na mashine itaanza kutumia diski kama kumbukumbu. Uzito wa kompyuta unaanzia hapo, na neno Pro haliuondoi.

Muuzaji wako amepotoka kote kuwili. Home na Pro zina kiini kilekile, zinapokea masasisho ya usalama siku ileile, na zote zina Microsoft Defender ya kuzuia virusi, ngome ya mtandao, Secure Boot inayolinda kompyuta inapowaka, na Windows Hello ya kuingia kwa PIN, uso au kidole. Muda wa kuhudumiwa nao ni mmoja: kila sasisho kubwa la mwaka hupewa miezi 24 kwa Home na kwa Pro, ilhali Enterprise na Education, matoleo ya mashirika na shule, hupewa miezi 36. Kuna ukomo wa vifaa, kweli. Home inaishia kwenye RAM ya GB 128 na prosesa 1. Pro inafika TB 2 na prosesa 2. Hakuna laptopu ya uhasibu inayokaribia huko.

Jambo linaloweza kukulazimisha kutafuta Pro ni hilo la kuingia kwa mbali, na watu wengi hulielewa kinyume. Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali nayo, inahitaji Pro kwenye kompyuta inayoingiwa. Ile unayoshika mkononi inaweza kuwa Home bila tatizo lolote, kwa sababu programu ya kuunganishia, `mstsc`, ipo kwenye matoleo yote. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na laptopu, nenda kwenye kompyuta yako ya ofisini, bonyeza Windows+R, andika `winver`, utazame toleo lake. Kama ni Pro, umemaliza. Kama ni Home, leseni ya Pro ifungwe kwenye hiyo ya ofisini, laptopu uiache kama ilivyo.

Kwenye mashine ya ofisini huduma hiyo huwashwa kwa Settings > System > Remote Desktop. Kisha kuna mambo yanayowakwamisha watu kila siku. Kwanza, PIN haikuingizi kwa mbali; akaunti lazima iwe na nywila halisi, na akaunti isiyo na nywila hukataliwa. Pili, kompyuta iliyolala haiwezi kuitikia, kwa hiyo nenda sehemu ya Power uiamuru isilale ikiwa kwenye umeme. Tatu, Windows za mezani huruhusu mtu mmoja tu kwa wakati: ukiingia kutoka nyumbani, skrini ya ofisini inajifunga, na mwenzako aliyekuwa akiitumia atadhani imeharibika. Mwambie kabla.

La nne ndilo la hatari. Usifungue mlango namba 3389, ambao Remote Desktop huutumia, kwenye ruta ili uingie moja kwa moja kutoka intaneti. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu nywila kwenye mlango huo, na mashambulizi mengi ya kufunga mafaili na kudai fidia yameanzia hapo. Unganisha VPN ya ofisi kwanza, yaani njia iliyofungwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi, ndipo ufungue Remote Desktop ndani yake. Ukikutana na vidude vya mtandaoni vinavyodai kuiwezesha Home kuingiwa, viache: vinakiuka leseni, na sasisho moja tu la Windows huvivunja.

Kuhusu kusimba diski, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo, kwa mhasibu suala hili lina uzito kuliko virusi, maana laptopu ikiibwa, hesabu za wateja zimeondoka nayo. Wengi huamini Home haina ulinzi huo. Inao, unaitwa Device encryption, chini ya Settings > Privacy & security. Teknolojia ni ileile ya BitLocker, mfumo kamili wa kusimba diski ulio kwenye Pro, ila umenyimwa usukani. Pro inakuruhusu kuchagua diski zipi zisimbwe, kudai PIN kabla Windows haijawaka, kuamua ufunguo utunzwe wapi, na kusimba flashi. Home inaweza kufungua na kuandika kwenye flashi iliyosimbwa kwingine, lakini haiwezi kusimba mpya.

Kwenye mashine yenye 24H2 (sasisho kubwa la Windows 11 la mwaka 2024) iliyosakinishwa upya, Device encryption hujiwasha yenyewe mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kurejesha hupelekwa kwenye akaunti hiyo kimyakimya. Watu hawajui hadi siku fundi anapobadilisha ubao mama au mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), skrini ya buluu inatokea na kudai tarakimu 48. Bila tarakimu hizo hakuna fundi wa kukusaidia, data imekwenda. Basi siku ya kwanza ya kununua, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

`manage-bde -status C:`

Soma mistari miwili. Conversion Status inaeleza kama diski imesimbwa; Protection Status inaeleza kama ulinzi umefungwa kweli. Ukiona "Used Space Only Encrypted" juu, halafu "Protection Off" chini, usijidanganye: diski imesimbwa lakini ufunguo umeachwa wazi humohumo, mwizi ataisoma. Hali hii huwakuta sana wanaotumia akaunti ya ndani tu, isiyounganishwa na Microsoft. Kama ulinzi umewaka, toa nakala ya tarakimu zako kwa amri hii:

`manage-bde -protectors -get C:`

Namba iliyo chini ya Numerical Password ndiyo ufunguo. Iandike kwenye karatasi au itunze mahali pasipokuwa ndani ya laptopu hiyohiyo. Na kabla ya kusasisha BIOS kwa mkono, simamisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C:`. Utarudi wenyewe Windows ikishawaka upya.

Sasa ofisi yenyewe. Uliza swali moja: mnaingia kwenye kompyuta za ofisini kwa akaunti iliyotolewa na kampuni, inayofanya kazi kwenye mashine yoyote, au kila kompyuta ina akaunti yake? Kama ni ya kwanza, mna Active Directory au Microsoft Entra ID (ile iliyoitwa zamani Azure AD), mifumo ya kusimamia akaunti za kampuni, na Home haiwezi kujiunga nayo. Hapo Pro ni lazima, na mtu wa kompyuta wa ofisi ndiye aamue. Kama kila mashine inajitegemea na mnakutana tu kwenye hifadhi ya mtandao, Home inatosha. Kugawana mafaili kwa kutumia Windows kuna ukomo wa vifaa 20 kwa matoleo yote mawili, kwa hiyo Pro haiongezi kitu upande huo.

Tena kwa hifadhi za zamani Pro inaweza kukuletea usumbufu. Kuanzia 24H2, Pro inakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila, na inadai mawasiliano na hifadhi yawe na saini ya kidijitali. Hifadhi iliyowekwa wazi kwa kila mtu itagoma kufunguka, na lawama zitaangukia laptopu mpya. Tiba ni kutengeneza jina la mtumiaji na nywila kwenye hifadhi yenyewe na kusasisha programu yake. Usishushe ulinzi wa Windows ili kuifurahisha hifadhi.

Masasisho: Home inakuruhusu kuyasimamisha hadi wiki 5. Kwa kipindi cha kufunga hesabu za mwaka, wiki 5 zinatosha. Pro inaongeza Group Policy, zana ya kuweka kanuni za Windows, ambayo inaweza kuchelewesha masasisho ya kila mwezi kwa siku 30 na yale makubwa kwa siku 365, jambo la maana kwa anayesimamia mashine nyingi. Hyper-V na Windows Sandbox, zana za kuendesha Windows nyingine ndani ya hii yako, ziko kwenye Pro na hazipo kwenye Home, lakini kama una programu ya kale inayotaka Windows ya kale, VirtualBox, programu ya kazi hiyohiyo, inafanya kazi kwenye Home vilevile.

Kuhamia Pro baadaye hakufuti kitu. Mafaili, programu na mipangilio hubaki. Hata hivyo weka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, hakikisha una zile tarakimu 48, maliza masasisho yanayosubiri, na uchomeke chaja. Kisha nenda Settings > System > Activation, ufungue sehemu ya kupandisha toleo. Unaweza kununua kupitia Microsoft Store palepale, au kubofya Change na kuingiza ufunguo wa Pro wenye herufi na tarakimu 25. Mashine itajiwasha upya, basi. Kama laptopu imekuja na Home katika S mode, hali inayoruhusu programu za Microsoft Store tu, toka kwanza kwenye S mode. Ni bure, ila hakuna kurudi.

Kurudi kutoka Pro kwenda Home nako hakupo, isipokuwa kwa kusakinisha Windows upya. Na hapo jihadhari: ufunguo wa Home uliochomwa kiwandani hukaa ndani ya firmware ya laptopu, yaani programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama. Siku utakaposakinisha upya, kisakinishi kitausoma na kukuwekea Home bila kukuuliza, hata kama ulishalipia Pro. Leseni yako haijapotea. Ingia kwa akaunti ya Microsoft uliyoiunganisha na leseni hiyo, rudi kwenye ukurasa wa Activation, ubofye Troubleshoot. Kama ulitumia ufunguo, uingize tena.

Iwapo bado moyo uko kwenye ile ya Pro, au umepata nyingine ya Pro yenye GB 16, iwashe kabla ya kulipa, ufungue Command Prompt na uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

`slmgr /dli`
`slmgr /xpr`

Ya kwanza inataja aina ya leseni. OEM_DM ni ya kiwandani, imefungwa kwenye mashine hiyo. RETAIL ni ya rejareja, inaweza kuhamishwa. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni leseni ya mashirika inayotakiwa kuthibitishwa na seva ya shirika kila baada ya muda usiozidi siku 180, na amri ya pili itakuonyesha tarehe ya kuisha. Laptopu ya namna hiyo dukani haina leseni yako. Muuzaji aweke halali au apunguze bei ya Pro yote.