Wadogo zangu mnaokwenda kufundishwa kuziba mashimo ya bomu

Vijana wetu wanaojiunga na Jeshi la Anga la Marekani na kupangiwa uhandisi hunitafuta wakishaambiwa wanakwenda Tyndall, kule Florida, kujifunza kurudisha uwanja wa ndege uliopigwa mabomu. Wote huuliza mashine. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kinaendeshwaje, kaka? Mtambo wa kuchanganya zege ni mgumu? Mashine mtafundishwa na mtazizoea upesi. Kinachowaangusha wengi ni uzi na rula, ile ndefu ya kulaza juu ya zege kuona kama limenyooka.

Bomu likipasua njia ya kurukia haliachi shimo peke yake. Mlipuko husukuma kutoka chini, kwa hiyo zege lililozunguka shimo linanyanyuka, na wakati mwingine kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Ukikata palipovunjika tu halafu ukajaza vizuri, umeweka kiraka kisafi juu ya nundu, na ndege ya kivita inapita hapo kwa kasi ya kuruka. Kipimo tulichofundishwa ni kwamba kiraka kisipande wala kushuka zaidi ya robo tatu ya inchi kulinganisha na sakafu ya njia iliyokizunguka. Kwa hiyo anzeni kupima mbali, kwenye zege mnalojua halijaguswa, mkirudi kuelekea shimoni hadi rula ianze kucheza. Hapo ndipo pa kupiga rangi, na msumeno ufuate rangi. Usiku, mwalimu wetu alikuwa analaza tochi chini kabisa, kisha analala kifudifudi shavu likigusa sakafu. Mwanga ukipita usawa wa zege, nundu inatupa kivuli. Igeni hilo, hata kama wenzenu watacheka.

Vipo pia vitundu vidogo vya kudanganya. Bomu linaweza kuzama likalipukia chini sana, juu likaacha tundu la kutia huruma na chini pango tupu. Ukipeleka kijiko pale, unakizika. Wataalamu wa mabomu hutangulia kuingia uwanjani. Wakisema subiri, subiri, hata kama mkuu wenu anaangalia saa.

Na saa itaangaliwa kweli. Lakini muda hauokolewi kwa kukimbia huku na huku na chepe. Mwaka 1942, kule Guadalcanal, wajenzi wa jeshi la wanamaji la Marekani, wale Seabees, walikuwa wanapigwa mabomu kila mara kwenye uwanja wa Henderson. Walipima shimo la bomu la ratili 500 linameza kifusi kiasi gani, wakapakia malori mapema mchanga na kokoto kwa kiasi hichohicho, wakayaficha kando ya uwanja pamoja na vipande vya mabati ya kutandika njia ya kurukia. Watu 100 walikuwa wanaziba shimo la namna hiyo kwa dakika 40. Basi na nyinyi, kabla king'ora hakijalia, hakikisheni mafuta yapo, meno ya msumeno ni mazima, na mfuko wa zege wa kwanza mtakaouhitaji haujalaliwa na mingine.

Wala hamtaziba kila shimo. Wakubwa huchagua kipande kifupi kinachotosha ndege kuruka na kutua, mengine yanasubiri. Mei 1982 Waingereza walidondosha mabomu 21 kwenye uwanja wa Stanley, visiwa vya Falkland, uliokuwa mikononi mwa Argentina, na moja tu ndilo lililopiga njia yenyewe. Ndege za mizigo za Argentina, Hercules, ziliendelea kutua, na mchana Waargentina walikuwa wanamwaga marundo ya udongo ili picha za angani zionyeshe mashimo yasiyokuwepo. Ujanja ule huwa unanifurahisha hadi leo.

Zege lenyewe si la kwetu la kumwagilia wiki nzima. Hili linashika ndani ya dakika chache na linapata moto, na baada ya muda wa saa mbili hivi ndege inapita. Juani Florida ni balaa. Tafuteni maji ya baridi, vaeni glavu na barakoa ya vumbi, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuosha vifaa. Msiposafisha mfereji wa mtambo papo hapo, mtaugonga na nyundo hadi asubuhi.

Kuna siku mtafanya yote haya mmevaa mavazi ya kujikinga na gesi. Sauti haitoki, miwani inashika ukungu. Jifunzeni ishara za mikono mapema, na kunyweni maji kabla hamjasikia kiu.

Mkiulizwa nani anataka kazi gani, wengi watanyoosha mkono kwa ajili ya kijiko. Wewe omba ukae na rula, tochi na kopo la rangi. Hupigwi picha, lakini msumeno, kijiko na mtambo wa zege vyote vinasubiri mstari wako.