Usikaze bolti za loa amu gari ikiwa inaning'inia, mi limenigharimu laki tisa na ushee

Mkuu simama hapo hapo. Usimruhusu fundi aanze kazi kesho kabla hujasoma hii, maana ulivyoandika kwamba "atanyanyua mbele, atatoa loa amu zote mbili, atafunga mpya, atakaza kila kitu ndo ashushe gari", hivyo hivyo ndo nilivyofanyiwa mimi, mara mbili, na mara zote mbili bushi zilikufa, yaani ile mipira inayounga loa amu (ule mkono wa chuma wa chini unaoshikilia tairi ya mbele) na fremu ya gari. Umeuliza mambo matatu: utajuaje kama kweli ni loa amu, ununue mpya au za mtumba, na bei ikoje. Sawa. Lakini kuhusu kukaza hukuuliza, na humo ndo hela yako itakapozama.

Nina Toyota Runx ya 2004. Nakaa Goba, Dar, na anayezijua barabara za ndani za huku anajua tairi za mbele zinaishi maisha gani. Ikaanza kugonga chini upande wa kushoto, kong kong, hasa nikipita vishimo vidogo kwa mwendo wa taratibu. Nikaenda kwa fundi ambaye ofisini kwetu karibu wote tunampelekea, akaingia chini ya gari na tochi, akatoka, "bosi, loa amu zimekwisha, bushi zote zimechanika". Na hapo hakunidanganya, akanionyesha kabisa. Nikanunua mpya za bei ya kawaida, shilingi 150,000 kwa mbili, ufundi 40,000, alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi) 25,000. Gari ikatulia, nikasema afadhali.

Haikumaliza miezi minne. Kong kong ile ile. Narudi, fundi anaangalia, anatikisa kichwa anasema "bosi spea ulizoleta ni feki, mi nilikuona tu nikanyamaza, hizi za bei hii hazitoboi". We si ndo fundi, kwa nini ulinyamaza? Lakini wakati ule nikaamini, nikaenda Kariakoo kwenye lile duka kumfokea yule kijana mbele ya wateja wake, naye akabaki anasema kaka hizi natoa kila wiki hamna aliyerudisha. Nikamwona mwizi. Nikaenda duka lingine nikanunua OG, yaani orijino, 380,000 mbili, fundi huyo huyo, ufundi 40,000 tena na alaimenti 25,000 tena.

Mwezi wa 12 nasafiri na familia kwenda Dodoma. Kufika Morogoro naona stelingi inatembea yenyewe, nikikanyaga breki gari inavuta kushoto, nikashuka nikakunja tairi kuangalia kwa ndani. Tairi zote mbili za mbele kwa nje bado zina meno mazuri kabisa, kwa ndani zimelika hadi waya zinachungulia. Tairi za miezi sita hizo, na nyuma nimepakia mke na watoto watatu, nilikuwa natembea 100 kwenye ile barabara ya malori. Mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi. Tairi mbili 260,000. Piga hesabu: 215,000 ya kwanza, 445,000 ya pili, na hizo tairi, jumla 920,000, na tatizo bado liko pale pale.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa gereji ya pembeni ya barabara hapo hapo Morogoro, ana shimo la kuingiza gari, ovaroli imeisha rangi. Hakuuliza spea nimenunua wapi. Aliuliza, "aliyefunga hizi alikaza gari ikiwa wapi, juu au chini?" Nikamwambia sijui, juu nadhani, si ndo wanavyofunga. Akacheka kidogo akasema njoo huku.

Tukashuka shimoni wote wawili, gari imesimama kwa tairi zake. Bushi ya mbele ya kushoto akaifuta na tambara, akamulika, mpira umebanduka kwenye lile bomba la katikati karibu mzunguko mzima, unaingiza ukucha. OG ile, miezi mitano. Halafu akahamia kulia ambako ilikuwa haijachanika sana, akachukua chaki akachora mstari mmoja unaopita kwenye ukingo wa lile bomba la bushi na kwenye chuma cha fremu kinachoishika. Akaweka spana, akalegeza bolti. Ilipolegea tu ikatoa sauti, tak! Na ule mstari wa chaki ukawa miwili, imepishana kama unene wa njiti ya kiberiti. Akaniambia, "mpira huu tangu siku umefungwa umesokotwa, haujawahi kupumzika hata usiku gari imelala".

Sasa elewa kwa nini, maana mafundi wengi wanaona bushi kama beringi, wanadhani inazunguka. Haizunguki. Kuna chuma cha nje kimeshindiliwa kwenye amu, kuna bomba la ndani ambalo bolti inapita, na katikati mpira umegandishwa kwenye vyuma vyote viwili kiwandani. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa na fremu, halisogei tena. Amu ikipanda na kushuka, ni mpira ndo unajisokota kidogo huku, kidogo kule, halafu unarudi. Ndo maana inatakiwa ibanwe amu ikiwa kwenye mkao wake wa kila siku, gari imebeba uzito wake, ili kule kujisokota kugawane juu na chini. Ukikaza tairi ikiwa inaning'inia hewani, amu imelala chini kabisa, mpira unaganda kwenye mkao huo, ukishusha gari tu tayari umesokotwa hadi karibu na mwisho wake, na hapo hata hujaondoka gereji. Kila tuta linaongezea juu ya hapo. Mpira gani utavumilia? Nilipima baadaye kwa futi ya kushonea, katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, gari ikiwa chini sentimita 36, ikiwa imening'inia 44. Sentimita 8 nzima mpira unazibeba saa 24.

Kwa hiyo spea zangu hazikuwa feki mkuu. Za kwanza hazikuwa feki na za pili hazikuwa feki. Yule fundi ameharibu pea mbili kwa mkono wake halafu akanituma nikagombane na watu Kariakoo. Na kinachoniuma ni ule uhakika wake, anaongea kama daktari, "hizi hazitoboi", "nunua OG bosi", na kila nikirudi ye anapata ufundi mpya. Sijui kama alikuwa anajua au hajui, na kwa kweli yote mawili mabaya. Yule kijana wa duka la kwanza nilimrudia nikamwomba radhi, na pea ya tatu nimenunua kwake, za bei ile ile ya kawaida. Sa hivi zina kilomita 31,000, njia zile zile za Goba, kimya.

Namna alivyofunga yule mzee ni hivi, na mwambie fundi wako hata akinuna. Amu inaingia, bolti zote za bushi zinafungwa kwa mkono na spana kidogo tu, zishike lakini zisibane. Boljointi, kile kifundo cha mwisho wa amu upande wa tairi, yeye unaikaza moja kwa moja gari ikiwa juu, ile haina shida hii maana inazunguka yenyewe, na kotapini, ile pini ya kufungia nati yake, usirudishie ya zamani. Unavaa tairi, unashusha gari, unaisukuma mbele na nyuma mita mbili tatu, unaikalia mbele uikandamize mara kadhaa ikae. Halafu unaingia chini, kwa shimo au ukipandisha gari kwenye ngazi za chuma tairi zikiwa zimekanyaga, ndo unakaza bolti za bushi za mwisho. Gereji haina shimo? Weka jeki ya pili chini ya amu kule mwisho karibu na boljointi, upande polepole huku unapima na futi mpaka ile namba yako ya mwanzo irudi, kwangu 36, hapo kaza. Ndo maana unapima KABLA hujafungua chochote, pande zote mbili, uandike kwenye simu. Na gari ilale kwenye stendi, sio kwenye tofali, sio jeki peke yake, usimlaze mtoto wa watu chini ya kitu cha hivyo.

Mtu atakuambia "mbona mi nimefunga miaka 20 juu kwa juu na sijapata kesi". Hajapata kesi kwa sababu wateja wake wanalaumu spea kama nilivyolaumu mimi. Kinachokwepa sheria hii ni zile bushi ngumu za poliyurethani ambazo bomba lake linazunguka huru na zinapakwa grisi, kama zako ni za mpira wa kawaida, na ukinunua amu nzima karibu zote ni za mpira, hamna njia ya mkato.

Haya, kujua kama ni loa amu kweli. Kwanza usikimbilie kwenye amu, gari ikigonga vishimo vidogo, hasa tairi moja ikiingia, anza na linki za stabilaiza, vile vifimbo vinavyoshika ile fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona, ni kitu cha bei ndogo na ndo chenye kelele kuliko vyote. Shika linki kwa mkono gari ikiwa chini, itikise kwa nguvu, ikicheza umepata mchawi wa kwanza. Halafu nyanyua tairi, shika juu na chini kama saa 12 na saa 6, isukume na kuivuta: ikicheza mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukiisha basi ni beringi ya tairi, ukibaki angalia boljointi. Ikicheza ukishika kushoto na kulia ni tairodi, ile fimbo ya stelingi inayokunja tairi. Bushi sasa huwezi kuzijua kwa kushika tairi, unahitaji mtalimbo, uingize kati ya amu na fremu ubinye taratibu huku unamulika. Mpira mzima unanyumbuka na kurudi, mbovu chuma kinahama na unaona ufa umefunguka kama mdomo. Nyufa za juu juu kama ngozi ya kisigino zisikutishe, ninazosema ni zile zinazoingia mpaka ndani. Na kipimo kingine kizuri, mtu akae ndani, injini inawaka, mguu kwenye breki, aweke D aachie kidogo akamate, aweke R aachie kidogo akamate, we umechuchumaa pembeni, usikae mbele wala nyuma ya gari, unaangalia tairi. Ya kwangu ilikuwa inarudi nyuma kwenye fenda unaiona kwa macho, karibu upana wa kidole.

Kama ni Runx kama yangu, boljointi imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili, inatoka peke yake. Fundi akikuambia boljointi imekufa kwa hiyo lazima ununue amu nzima, mwambie akuonyeshe kwa nini. Ila boljointi ikiwa na mchezo usiendelee kutembelea hata siku moja, zile gari unazoziona zimepiga magoti katikati ya lami tairi limelala ubavu, nyingi ni hiyo.

Za mtumba mi sikushauri kwa kitu chenye mpira. Chuma chake kizuri, sikatai, lakini mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na wenyewe una umri wa gari. Labda uchukue amu ya mtumba ushindilie bushi mpya kwa presi, sio kwa nyundo, na hapo umuangalie anayeshindilia maana bushi nyingine zina upande wake na alama yake, akiiweka imepinda umerudi kule kule. Na upande wa gia boksi wajipange, kwangu bolti ya mbele iligoma kutoka mpaka wakashusha kidogo ile fremu inayobeba injini, kuna wahuni wakifika hapo wanaikata bolti na kuchomelea nyingine, ukiona mtu anawasha mtungi wa gesi pale ondoka na gari lako. Baada ya yote alaimenti ni lazima, siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo ukipata hela.

Usimwachie gari ukaenda kazini. Chukua nusu siku, kaa pale kwenye benchi, kunywa soda, na ukifika wakati wa kukaza simama uone tairi zimekanyaga chini kwa macho yako. Akisema "bosi niamini", mwambie nakuamini, shusha.

Na kama tayari alishaanza leo na amekaza juu kwa juu, bado hujachelewa. Gari ikiwa chini imesimama kwa uzito wake aingie alegeze zile bolti za bushi, utaisikia ile tak, isukumwe mbele nyuma ikae, akaze tena. Dakika 20 hazifiki. Mpira ambao haujaanza kuchanika unapona kabisa, lakini iwe wiki hii kabla hujaanza kuyapanda matuta nayo.