Usimtoe shule, mfundishe jioni

Dada yangu, hongera kwa kumfuatilia mwanao. Umeuliza kama umtoe shule ya serikali akiwa darasa la tatu, umfundishe mwenyewe nyumbani hapo Ngamiani, Tanga, maana darasa limefurika na kusoma bado anababaisha. Mimi nasema usimtoe. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto akifika miaka 7, na ahudhurie mpaka amalize msingi. Halafu mwakani ana upimaji wa darasa la nne, na kule wanasajiliwa kupitia shule.

Ila kumfundisha nyumbani, mfundishe hasa! Jioni akishaoga, nusu saa inatosha: aya moja ya Kiswahili, asome kwa sauti, kidole kikifuata neno. Akikwama usimtajie, mwache aunge silabi mwenyewe, hata kama inachukua muda na wewe una chungu jikoni. Hesabu nenda naye sokoni Mgandini, akutajie chenji ya dagaa kabla muuzaji hajaitoa. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo mtandaoni bure. Na mwalimu wake mwone wiki hii, umuulize mtoto anakwama silabi zipi.