Namna ya kumwonyesha mgeni "Blink" bila kuiharibu

Ukitaka kumvuta mtu asiyejali tamthilia za sayansi ya kubuni, usimwanzishie Doctor Who kutoka mwanzo. BBC iliianza mwaka 1963. Mgeni atachoka njiani. Mwekee "Blink", episodi ya kumi ya msimu wa tatu, iliyorushwa tarehe 9 Juni 2007 na kushinda Hugo, tuzo ya kazi za sayansi ya kubuni, mwaka uliofuata. Haidai ujue chochote kabla. Daktari mwenyewe, yule msafiri wa wakati anayebeba jina la tamthilia, haonekani sana; anayeibeba ni Sally Sparrow, yaani Carey Mulligan kabla hajawa nyota. (Wewe mwenyeji itazame kwanza, maana hapa chini mambo yanafichuliwa.)

Malaika wa humo ni sanamu za mawe. Ukiwatazama wanaganda, ukipepesa tu, wamekusogelea. Wakikugusa wanakurusha zamani, nao wanakula ile miaka uliyokuwa bado hujaiishi. Kathy, rafiki wa Sally, anaangukia mji wa Hull, Uingereza, mwaka 1920, mpelelezi Billy anajikuta 1969. Malaika hao walichezwa na waigizaji waliopakwa rangi, lakini huwaoni wakitembea. Kuna picha ambazo hakuna mhusika yeyote anayewatazama, na bado hawasogei, kwa sababu sisi tunawatazama. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye simu inayowaka sebuleni anavunja kila kitu. Simu zikusanywe mlangoni. Karanga na chochote kilichofungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) kiliwe kabla. Mlio wa kavera gizani ni mbaya kuliko mtoto anayelia.

Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo anza saa moja na nusu. Projekta ndogo haiwezi kushindana na mwanga wa dirishani, na nusu ya episodi hii ni nyumba chakavu yenye giza. Nyumba ya mabati isiyo na dari, epuka Aprili na Novemba: mvua ikipiga, spika ya kawaida haisikiki, na hofu ya hapa inajengwa na ukimya.

Umeme usiuamini hata kama Yaka, mita yako ya malipo ya kabla, ina yuniti za kutosha. Projekta ya LED wati 80, laptopu 60, spika 20: jumla 160. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 50 ina wati-saa 600. Tumia nusu tu usiiue, toa kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), utabaki na takriban 250. Hiyo ni saa moja na nusu, na episodi ni dakika 45 hivi. Unganisha kila kitu kwenye inveta tangu mwanzo, usisubiri umeme ukatike. Kule mwishoni malaika ananyoosha kidole kwenye balbu nayo inaanza kufifia. Umeme ukiondoka hapo watu watadhani umepanga, watacheka, na kicheko hicho hukirudishi nyuma.

Sasa tafsiri. Tumezoea vijei (VJ), mfasiri anayeongea juu ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa filamu za ngumi ni raha tupu. Hapa ataua episodi. Tafsiri kwa sentensi fupi, na nyamaza kabisa tangu Larry, kaka wa Kathy anayemsaidia Sally, anapoachwa amkodolee macho malaika. Ila kuna onyesho moja ni kama lilitengenezewa vijei: Daktari yuko kwenye DVD, anaongea nusu ya mazungumzo, anaacha mapengo, na Sally anayajaza miaka mingi baadaye. Hapo fasiri pande zote mbili kwa sauti mbili, la sivyo mgeni hataelewa kwamba ni mazungumzo.

Maneno: kwa onyo la "Don't blink" sema "usipepese", si "usifumbe macho", kufumba ni hiari, kupepesa kunakuponyoka. Chombo cha Daktari cha kusafiria kiite sanduku la bluu. Ukisema kibanda, hapa Uganda watu watafikiria ukumbi wa video.

Ukiweka maandishi ya chini, hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa herufi za kompyuta. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, vitufe vya G na H huyasogeza kwa milisekunde 50. Yakiwa sawa mwanzoni kisha yanazidi kuachana na sauti, vitufe havitasaidia: mara nyingi faili ilitengenezwa kwa fremu 23.976 kwa sekunde na video yako ni ya 25. Badilisha kasi hiyo kwenye programu ya Subtitle Edit.

Taa usiwashe malaika wanapobaki wakitazamana. Bado kuna sanamu za kawaida za mjini zinapita moja baada ya nyingine, na onyo la Daktari juu yake. Anayerudi nyumbani kupitia Speke Road, Kampala, atapita karibu na Mnara wa Uhuru, sanamu kubwa ya Gregory Maloba. Usimkumbushe.