Uliza jengo kabla ya kuuliza saa

Mnaoanza kazi kwenye shule za vijijini huku jimbo la Iowa, Marekani, iwe ni usaidizi wa darasani, jikoni au kuendesha basi, swali la kwanza si mshahara. Uliza: jengo lipi? Sisi tumezoea shule iwe mahali pamoja, na kengele yake na mlingoti wake wa bendera. Hapa ukiambiwa "shule" huenda inatajwa wilaya nzima ya elimu, ambayo watoto wadogo wanasoma mji huu, wakubwa mji ule, na katikati ni mahindi matupu. Siku yangu ya kwanza niliwahi kabisa, shati limenyooka kwa pasi, ila mji haukuwa wenyewe.

Jina la wilaya lisome kama ramani. Ipo inayoitwa BCLUW: Beaman, Conrad, Liscomb, Union, Whitten. Kila herufi ni mji. Mashamba yalizidi kuwa makubwa, mashine zikachukua kazi za watu, familia zikahama, madawati yakabaki wazi. Na fedha za jimbo hufuata vichwa, maana wanafunzi huhesabiwa kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba. Vichwa vikipungua sana, wilaya jirani hupiga kura ya kuungana, na mara nyingi kuna jengo litakalofungwa.

Hapo ndipo ulimi unahitaji breki. Mzee mmoja wa usafi alikuwa akinisimulia timu ya kikapu ya shule yao ya zamani, nami nikajitia kumfariji: lakini hili jengo jipya ni zuri zaidi, mzee. Akachukua ndoo yake akaondoka. Wiki nzima salamu zikawa za kichwa tu. Kijiji kikipoteza shule kinapoteza pia mahali pa kukutania Ijumaa jioni. Wewe sikiliza, uliza jezi zilikuwa za rangi gani.

Usishangae pia bomba likivuja miaka. Wilaya ikitaka kukopa kwa hati fungani ili ijenge, lazima kura za ndiyo zifike asilimia 60, na anayepiga kura ndiye atakayelipa kupitia kodi ya nyumba na shamba lake. Vikao vya bodi ya wilaya viko wazi kwa wote. Kaa hata kimoja, nyuma kabisa. Utajua nani anaogopa nini.

Halafu theluji. Asubuhi moja nilipata ujumbe kwenye simu, umetafsiriwa na mashine: "Shule itachelewa saa mbili." Nami kwa saa zetu nikaelewa saa mbili asubuhi, yaani muda uleule wa kila siku, nikaendesha kwenye barafu huku naomba dua. Kumbe walimaanisha saa mbili zaidi ya muda wa kawaida. Milango ilikuwa imefungwa. Nilikaa garini, injini ikiunguruma, na chapati zangu za mchana zilikwisha saa tatu kasorobo.