Maua na mimea ya viungo nyumbani: jibu kwa dada aliyehamia Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu.

Dada aliyeanzisha uzi huu amehamia Dodoma kikazi akitokea Tanga, amepanga nyumba yenye ua mdogo maeneo ya Ilazo, na ameuliza mambo mawili: kama kweli maua na mimea ya viungo inaweza kustawi katika nchi kavu kama hii, na kama kuna maana ya kuhangaikia bustani ambayo haitamlisha wala kumpa fedha. Baadhi ya wachangiaji wamemshauri apande mchicha tu, au aachane na jambo lenyewe. Mimi naishi Miyuji na nina bustani ya aina hiyo nyuma ya nyumba. Nimeona nimjibu kwa kirefu, kwa sababu naamini kwamba ukavu huu anaouogopa ndio unaoipa bustani ndogo ya Dodoma raha yake.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600 hivi. Tanga hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, tena kwa vuli na masika. Kule mtu akichomeka kijiti ardhini, mvua humalizia kazi, na baada ya muda hata mwenyewe hakumbuki kama alikipanda. Hapa, ukiona jani bichi uani mwezi Septemba, ujue kuna mtu aliyelimwagilia jana yake. Kwa hiyo unalifahamu kila shina. Unajua ni tawi lipi la mrehani limechipua wiki hii na ni waridi lipi limekawia, na unapotoka asubuhi na kikombe cha chai mkononi una jambo la kwenda kuangalia kabla hujaanza kufikiri habari za ofisini. Sijui niipe jina gani hali hiyo zaidi ya kusema kwamba inatuliza.

Ningemshauri aanze na mimea yenye harufu, na aipande pale anapopita kila siku: kando ya mlango wa jikoni, karibu na bomba, kwenye njia ya kwenda kuanika nguo. Bustani iliyotupwa pembeni ya uwanja hutembelewa na kuku peke yao. Kivumbasi kikiwa njiani, nguo ikikigusa tu harufu yake inapanda, na jioni baada ya jua kuzama unaweza kuchuma kitawi, ukakifikicha na kukiweka dirishani kupunguza mbu, kama walivyofanya wazee wengi kabla ya dawa za kupuliza. Jani lake ukilishika kwa karibu lina vinyweleo vidogo na kingo zenye meno. Ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, harufu hukaa mkononi hata baada ya kunawa.

Mchaichai ndio mmea ninaoupendekeza kwa kila mgeni wa Dodoma. Omba shina moja lenye mizizi kwa jirani, kata majani yabaki urefu wa kiganja, lipande kwenye shimo lenye samadi, na ulimwagilie vizuri wiki za mwanzo. Likishashika, huvumilia jua letu bila malalamiko. Kila baada ya muda kata majani karibu na chini ili yachipue mapya, kwa kuwa majani ya zamani hukauka ncha na kupoteza harufu. Chai iliyochemshwa na majani yaliyochumwa dakika hiyo ni tofauti kabisa na ile ya majani yaliyokauka sokoni, na kwenye asubuhi za baridi za Juni na Julai, wakati upepo wa Dodoma unapokata masikio, ni faraja ya kweli.

Rozimeri nayo inapenda kwetu kuliko watu wanavyodhani. Asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu na udongo ni wa mawe, hivyo kinachoiua hapa kwa kawaida ni maji mengi na udongo usiopitisha maji. Changanya mchanga wa kutosha, mwagilia, kisha subiri hadi udongo wa juu ukauke. Mnanaa ni kinyume chake. Wenyewe unataka unyevu wakati wote na kivuli cha mchana, tena mizizi yake hutambaa chini na kuteka sehemu yote, kwa hiyo upewe ndoo yake peke yake na uwekwe chini ya bomba linalodondosha. Mrehani unahitaji kukatwa vichwa kabla haujatoa maua mengi ili utanuke kwa pembeni, lakini mimi huacha shina moja au mawili yachanue kwa ajili ya nyuki. Giligilani ipandwe miezi ya baridi, kuanzia Mei hadi Julai, kwa sababu joto la Oktoba huifanya ikimbilie kutoa maua kabla haijakupa majani ya kutosha kachumbari. Mbegu yake ile ya mviringo kwa kweli ni mbegu mbili zilizoshikana. Isugue taratibu kwa chupa juu ya kibao mpaka igawanyike, ndipo uipande.

Kwenye maua, bogenvilia ndiyo malkia wa mji huu. Utaiona imeangukia ukuta kwa rangi ya zambarau, nyekundu au ya chungwa wakati ambapo nyasi zote za jirani zimegeuka majivu. Wengi hawajapata kuisogelea, nami namwomba dada afanye hivyo siku moja: kile kinachoonekana kuwa ua ni majani matatu membamba yaliyobadilika rangi, laini kama karatasi, na katikati yake mmesimama vijiua vidogo vyeupe vyenye shingo ndefu, ambavyo ndivyo maua yenyewe. Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini na umepewa jina la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba ukishakomaa huchanua zaidi pale unapobaniwa maji kidogo. Ukiumwagilia kila siku utakupa majani na miba. Ukate baada ya kuchanua, nawe uvae glovu.

Kuna pia lile ua dogo lenye petali tano, la waridi hafifu au jeupe, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba bila kulijua jina na linaloendelea kuchanua hata mwenye nyumba akisafiri. Asili yake ni Madagaska, na ndani yake wanasayansi walipata kemikali zinazotengenezwa dawa za saratani, vinblastini na vinkristini. Ni sumu likiliwa, kwa hiyo lisiwekwe kwenye safu moja na majani ya chai, hasa kama kuna watoto. Asmini ipandwe karibu na dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa harufu yake hutoka zaidi usiku. Mawaridi nayo yanawezekana, lakini yanadai zaidi: samadi, maji ya uhakika na kukatwa kila baada ya kuchanua. Mtu ayapande mwaka wa pili, akishaujua ua wake.

Nije kwenye maji, kwa maana hapo ndipo wachangiaji wengi walipokatia tamaa. Bustani ya mimea michache iliyo karibu na jikoni haihitaji kushindana na matumizi ya nyumba. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanatosha kiasi kikubwa, na maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanaweza kumwagwa kwenye maua yasiyoliwa. Mwagilia alfajiri au jioni, shinani, taratibu, na kwa wingi kila baada ya siku kadhaa badala ya kunyunyiza juujuu kila siku, ili mizizi iende chini kuyafuata maji. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, ikachimbiwa kichwa chini kando ya shina, hulinywesha polepole ukiwa kazini. Baadhi ya visima vya huku vina maji ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu, basi wakati wa mvua kinga maji ya bati na uyamimine kwa wingi hadi yatokee chini, ili chumvi ioshwe. Nyasi za kufunika uwanja mzima siwezi kumshauri mtu. Zinakunywa maji ambayo yangelea mimea yote niliyoitaja, na hazinukii chochote.

Udongo ni suala jingine. Jua letu hukausha ardhi yenye mfinyanzi ikakakamaa, na tuna ushahidi wa kihistoria hapa hapa mkoani: mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuuacha mwaka 1951, ulishindwa kwa uhaba wa mvua na kwa udongo uliokuwa mgumu mara mvua ilipokatika. Kwenye ua wa nyumba dawa yake ni samadi na matandazo. Samadi ya mbuzi na ng'ombe haina shida katika nchi ya wafugaji. Hakikisha tu kwamba imeoza, imekuwa nyeusi na haina joto wala harufu kali, la sivyo itaunguza mizizi. Kwa vyungu, sehemu mbili za udongo, moja ya samadi na moja ya mchanga zinafaa. Juu yake tandaza majani makavu, maganda ya karanga au ya mpunga yanayotoka Bahi, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina, kwa sababu mchwa wa Dodoma hupenda matandazo yaliyogusana na mti.

Upepo, kwa maoni yangu, unaua miche mingi kuliko jua. Kuanzia Juni hadi Oktoba huvuma kutoka mashariki siku baada ya siku, unakausha majani kabla mizizi haijaleta maji mengine. Miche michanga ikae nyuma ya ukuta, au iwekewe neti ya kivuli upande unaotoka upepo. Wazee wa Kigogo walizungushia makazi yao minyaa, na uzio huo bado hauna mpinzani kwa mwenye nafasi, ila utomvu wake ni hatari kwa macho na watoto waonywe. Wakati huo wa ukavu ndipo pia utitiri mwekundu hujitokeza chini ya majani, wadogo kiasi kwamba kwanza utaona vitone vya njano na utando mwembamba. Osha majani kwa maji upande wa chini, kisha pulizia maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na sabuni kidogo ya kipande. Inasaidia pia kwa vidukari.

Sasa lile swali la faida. Wapo ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, chozi, ambao madume yao humeremeta kijani na zambarau juani. Panda haibiskasi moja nyekundu nao watakuja wenyewe, wataning'inia kwenye ua na kuchomeka mdomo mpaka ndani. Nyuki watafuata mrehani. Jirani atagonga geti saa moja jioni akiomba majani mawili ya mchaichai kwa ajili ya mgeni, na kesho yake ataleta kitawi cha asmini kilichofungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyenionyesha namna ya kusoma mawingu ya Novemba na kutokubali kupanda kwa mvua ya kwanza, maana mara nyingi hufuatwa na wiki kadhaa za jua. Nisingefahamiana naye kama si kwa sababu ya mche aliouona akipita. Mvua yenyewe inapofika, na vumbi lote la kiangazi likaoshwa kwenye majani kwa saa moja, mtu aliyebeba ndoo tangu Mei ana furaha ambayo mwenye uwanja mtupu hana. Mboga nazipenda na ninazo tuta moja, lakini sikubali kwamba kitu kisichoingia sufuriani hakina kazi nyumbani.

Kuhusu nyumba ya kupanga, dada asiwe na wasiwasi. Ndoo za rangi zilizokwisha, zikitobolewa matundu manne au matano chini na kuwekewa kokoto, zinatosha kwa mimea yote ya viungo niliyoitaja, hata kwa bogenvilia kwa miaka michache. Kitu cha kupanda ardhini kiwe kile ambacho hatahuzunika kukiacha. Siku ya kuhama, mimea imwagiliwe jioni ya kuamkia safari na ifunikwe kitambaa garini, kwa kuwa upepo wa barabarani ndio huinyausha. Kwa sasa, kama ndiyo kwanza amefika, atafute ndoo tatu, anunue mche wa mrehani ulio kwenye kiriba kwa wauza miche wa kando ya barabara akichagua mfupi wenye matawi badala ya mrefu uliochanua, na mchaichai aombe kwa jirani. Asipoupata huko Ilazo aandike hapa hapa; wangu unahitaji kugawanywa.