Kipimajoto kwanza: kwa wanaoanza kupima vitakasa mikono

Wewe unayeanza kazi ya maabara hapa Kampala, jua hili kabla ya yote: haidromita, kile chombo cha kioo chenye shingo ya namba kinachoelea kwenye kimiminika, haiijui pombe. Inapima wepesi wa kimiminika, basi. Ikizama sana tunasema kileo ni kingi, na chochote kinachobadilisha wepesi huo kitakupotosha.

Mwaka 2020, vitakasa vilipofurika madukani, nililetewa sampuli yenye lebo ya asilimia 70. Haidromita ikasimama kwenye 70 kamili, nikaandika imefaulu. Mkubwa wangu akatia kipimajoto: nyuzi 28. Haidromita yetu imesanifiwa kwa nyuzi 20, na kila nyuzi inayozidi hapo huongeza usomaji kwa karibu theluthi ya asilimia moja. Pombe halisi ilikuwa kati ya 67 na 68. Ilizidi 60, kiwango cha chini kinachotakiwa, lakini lebo haikuwa kweli nami nilikuwa nimeshaipitisha. Niliona aibu sana. Jedwali la kurekebisha joto sasa limebandikwa mbele ya macho yangu.

Silinda isuuze kwa sampuli yenyewe, mimina polepole, kisha izungushe haidromita kidogo ili mapovu yaliyong'ang'ania shingoni yaachie. Isiguse ukuta. Inama jicho lilingane na uso wa kimiminika, usome usawa huo, si pale kinapopanda kuizunguka shingo.

Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una ethanoli, ndiyo pombe yenyewe, asilimia 80, gliserini 1.45 na haidrojeni peroksaidi 0.125. Gliserini ni nzito, hushusha usomaji kidogo, kwa hiyo pima spiriti kabla ya kuchanganya na upime tena baadaye. Kwa mchanganyiko huu, pombe ya asilimia 75 hadi 85 inakubalika. Jeli usiitie haidromita kabisa, kunata kwake huizuia kuelea inavyostahili.

Linaloninyima usingizi ni methanoli, pombe nyingine yenye sumu. Wepesi wake unakaribiana mno na wa ethanoli, haidromita haiwezi kuzitofautisha, na harufu si ushahidi. Methanoli hupofusha, huua. Spiriti isiyojulikana ilikotoka, hata ikisoma 80 safi, ipeleke kwenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali moja moja, kabla ya kusaini chochote. Mwenye mzigo atakuja kukuhimiza, atasema lori linasubiri nje. Mpe kiti, mweleze kwa heshima, na jerikeni zake zisiondoke.